Meza ya Kiswidi Dar es Salaam: nunua Kisutu, agiza Dubai

Labda ulisoma Uppsala ukarudi na hamu ya kahawa na kanelbulle, kile kimkate cha mdalasini. Labda mkwe wako ni wa Gothenburg na anatua Desemba. Au ofisi inapokea wageni wa mradi kutoka Stockholm, na wewe ndiye uliyetupiwa kamati ya chakula. Sababu unaijua mwenyewe. Chakula cha Kiswidi kinapatikana Dar es Salaam, ila hakikai duka moja.

Kwanza, acha kutafuta chapa. Ukizunguka supamaketi za Masaki ukisoma lebo, utarudi na pakiti moja ya biskuti na bili ya kukuumiza kichwa. Tafuta viungo. Iliki, mdalasini, kamba, mtindi, viazi, siki, haradali: vyote vipo mjini, vimetawanyika kwa Mhindi, kwa mvuvi na kwenye friji ya maziwa ya dukani kwako. Visivyopatikana kabisa vinaenea kwenye kona ya sanduku moja la safari.

Nunua kikombe cha kupimia chenye alama za mililita. Waswidi hawapimi kwa kikombe cha chai wala kwa wakia. Wanapima kwa desilita. Ukiona dl 1, ni mililita 100. Msk ni kijiko cha chakula, tsk ni kijiko cha chai, krm ni mililita 1, yaani bana kidogo tu. Bila kikombe hicho utakuwa unabahatisha, na mikate ya Kiswidi haipendi kubahatisha.

Sasa nenda soko la Kisutu. Unachofuata hapo hasa ni dill, yale majani membamba kama manyoya ambayo Waswidi wanayatia kwenye samaki, viazi, kamba na karibu kila kitu cha chumvi. Ukimwambia muuzaji dill na asielewe, mwambie suva, jina lake kwa Wagujarati, ambao wanaipika kama mboga. Nenda asubuhi, chukua mafungu mawili, na ukifika nyumbani yafunge kwenye kitambaa kibichi ndani ya friji. Yakibaki, yakatekate uyagandishe. Dill iliyokauka ya kopo haina kazi.

Maduka ya vikolezo ya jirani yatakupa iliki, mdalasini, zafarani, karafuu na lozi. Chukua iliki nzima, uimenye na kuiponda mwenyewe iwe na chengachenga. Ya unga iliyokaa dukani imeshapoteza harufu. Waswidi ni walaji wakubwa wa iliki, na wewe unakaa nchi inayoilima milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Hapa umewazidi.

Ukiwa dukani humo, angalia mtego mmoja. Mapishi ya Kiswidi yakitaja kummin, usichukue bizari nyembamba. Wanachotaka ni caraway, mbegu inayofanana nayo lakini yenye ladha nyingine kabisa. Bizari nyembamba itaugeuza mkate wako kuwa pilau. Ukikosa caraway, tumia bizari tamu kidogo.

Maziwa ni rahisi. Filmjölk, maziwa ya kuganda ambayo Mswidi anakula asubuhi na nafaka, ni ndugu wa mtindi. Chukua mtindi usio na sukari. Wa Tanga Fresh unafaa. Kisha fanya hivi: funga mtindi kwenye kitambaa safi, uweke juu ya chujio, uache kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utakuwa na krimu nzito yenye uchachu inayoshika nafasi ya gräddfil na crème fraîche katika mapishi yote ya baridi. Hiyo peke yake inakuokolea fedha nyingi za supamaketi.

Halafu twende Feri, soko la samaki, maana hapa ndipo Dar inapong'aa. Watu wengi wakisikia chakula cha Kiswidi wanafikiria vijinyama vya mviringo tu. Ushauri wangu: anza na kamba. Waswidi wanawaenzi kwelikweli, na wako wa leo asubuhi watakuwa wabichi kuliko wale wa kopo anaokula mtu wa Stockholm. Fika mapema, beba deli au ndoo yenye barafu, na usikubali kamba wenye vichwa vilivyoanza kuwa vyeusi.

Kwa kamba hao tengeneza Toast Skagen. Ni chakula cha Tore Wretman, mpishi mashuhuri wa Uswidi wa karne iliyopita, na mpaka leo hakikosekani kwenye migahawa yao. Chemsha kamba kwenye maji ya chumvi dakika mbili au tatu, wapoze, wamenye, wakate vipande. Changanya na mayonezi, mtindi uliochujwa, dill nyingi, maji ya limau na pilipili manga. Kaanga vipande vya mkate mweupe kwa siagi. Pakia juu, weka kijitawi cha dill na kipande cha limau. Dakika ishirini, na mgeni ataomba kingine.

Ukitaka sherehe kubwa zaidi, ngoja Agosti. Huo ni mwezi wa kräftskiva, karamu ya kamba wa maji baridi waliochemshwa na maua ya dill. Kamba hao huku hatuna. Tumia kamba wakubwa wa Feri pamoja na maganda yao. Chemsha lita 2 za maji na dl 1 ya chumvi, kijiko cha sukari na dill tele, mashina na maua yakiwemo. Tia kamba dakika tatu, watoe. Poza maji yale mpaka yawe baridi kabisa, ndipo uwarudishe kamba humo, uweke kwenye friji saa chache. Wanaliwa baridi, kwa mikono, na mkate na jibini. Waswidi huvaa kofia za karatasi na kuimba kila wanapoinua glasi. Waache waimbe.

Sill, samaki wa siki, ndiye anayewashinda wengi. Yule wa kwao ni herring wa chumvi, na huku hayupo sokoni. Usijaribu kuloweka vibua wabichi kwenye siki ukaita sill. Samaki mbichi wa joto la Dar si wa kuchezewa. Pika badala yake inlagd stekt strömming: samaki wanaokaangwa kwanza, kisha wanalowekwa. Ni chakula halisi cha Kiswidi, na vibua wanakikubali vizuri.

Mwambie mpaa samaki akutolee mifupa. Pitisha minofu kwenye unga wenye chumvi, kaanga kwa siagi, acha ipoe. Upande wa siki uwe makini. Kanuni ya Kiswidi ni moja, mbili, tatu: sehemu moja ya siki, mbili za sukari, tatu za maji. Lakini siki yao, ättika, ina asidi asilimia 12. Ya dukani kwetu kwa kawaida ni kama 5. Ukifuata kanuni yao utapata maji matamu ya samaki. Tumia siki dl 2.5, maji dl 1.5 na sukari dl 2. Chemsha na pilipili manga nzima, jani la bay na karafuu mbili, poza, mimina juu ya samaki pamoja na pete za kitunguu chekundu na karoti. Kesho yake iko tayari. Iliwe ndani ya siku chache, na isikae nje ya friji.

Samaki anayeliwa bila kupikwa ni mmoja tu ninayemruhusu, naye ni samoni wa gravad lax. Mnunue aliyegandishwa kiwandani, siyo yule wa kwenye barafu anayeitwa freshi baada ya safari ya siku kadhaa. Anapaswa kuwa amekaa nyuzi 20 chini ya sifuri angalau saa 24, ili vimelea vife. Kwa nusu kilo, sugua chumvi vijiko viwili na sukari vijiko viwili, funika kwa dill, funga, weka kwenye friji siku mbili ukimgeuza mara moja kwa siku. Kata vipande vyembamba. Sosi yake ni haradali, sukari, siki kidogo, mafuta na dill. Ni ghali, kwa hiyo mweke kwa ajili ya mkwe.

Sasa köttbullar, vile vijinyama. Mchinjaji akusagie nyama mara mbili. Waswidi huchanganya ng'ombe na nguruwe. Wewe changanya ng'ombe na kitimoto kama meza yako inaruhusu. Kama kuna Waislamu, weka ng'ombe mtupu na uongeze kijiko cha siagi ili visikauke. Kwa nusu kilo: loweka dl 1 ya chenga za mkate mkavu kwenye dl 1.5 ya maziwa, tia yai moja, kitunguu kilichokaangwa, chumvi, pilipili manga na karafuu ya unga, nusu bana tu. Usitie kitunguu saumu, usitie dania, usitie pilipili kali. Najua mkono unawasha, uzuie. Viringisha, kaanga. Mchuzi ni supu ya nyama, krimu na matone ya soya. Pembeni weka viazi vya kuponda na tango lililokatwa jembamba, likabanwa na chumvi, siki na sukari.

Kilichobaki kwenye sahani hiyo ni lingon, tunda dogo jekundu lenye uchachu. Halioti huku, wala halina sababu ya kukunyima usingizi. Choya inachukua nafasi yake vizuri kuliko jamu yoyote ya dukani: nyekundu, kali, na ipo Kariakoo. Iloweke, ichemshe na maji kidogo na sukari mpaka iwe laini na nzito. Ibaki na uchachu ulimini. Ikiwa tamu kama jamu ya mkate umeiharibu, kwa sababu kazi yake ni kukata mafuta ya mchuzi.

Alhamisi ni siku ya supu ya njegere na chapati zao, tangu zamani za kale, na jeshi lao bado linaifuata. Kwa Mhindi omba njegere kavu za njano zilizopasuliwa. Angalia usipewe chana dal. Zinafanana sura, ila ni dengu, zinachelewa kuiva na ladha ni nyingine. Loweka usiku, chemsha na kitunguu, thyme na kipande cha nyama ya chumvi au ya moshi mpaka zivurugike. Kila mtu ajitilie haradali mwenyewe. Waswidi wanasimulia kwamba mfalme wao Erik XIV, aliyefia kifungoni mwaka 1577, aliwekewa sumu kwenye supu hii. Haijawapunguzia hamu.

Chapati zenyewe, pannkakor, ni chapati za maji zilizotengenezwa kwa maziwa. Mayai 3, unga dl 2.5, maziwa dl 6, nusu kijiko cha chai cha chumvi, siagi vijiko 3 iliyoyeyushwa. Uji wake ni mwepesi kuliko ulivyozoea; usiongeze unga. Tandaza nyembamba, kula na jamu.

Upande wa vitamu una raha yake. Kanelbullar zina siku yao kabisa, tarehe 4 Oktoba. Pasha maziwa dl 2.5 yawe vuguvugu, tia hamira kavu gramu 8, sukari dl 0.75, kijiko cha chai kilichojaa cha iliki, chumvi nusu, siagi laini gramu 75 na unga kama gramu 420. Kanda dakika kumi. Kwa joto letu donge litaumuka haraka, nusu saa hadi dakika arobaini linatosha. Likizidi linachacha.

Tatizo la Dar ni siagi ya ndani. Ikiyeyuka, itavuja na vimkate vyako vitakaangika chini badala ya kuokeka. Iwe laini lakini isiyeyuke: gramu 100, sukari dl 1, mdalasini kijiko kimoja na nusu. Paka, kunja, kata, acha ziumuke tena, oka nyuzi 225 kwa dakika nane hadi kumi. Juu Waswidi hunyunyiza sukari ya punje kubwa. Ponda vipande vya sukari ya mchemraba kwa mchi, hakuna atakayegundua.

Huna oveni? Pika kladdkaka, keki ya chokoleti inayotakiwa kubaki na utelezi katikati. Haina hamira wala baking powder, kwa hiyo huwezi kuilaumu isipoumuka. Siagi gramu 100, mayai 2, sukari dl 3, unga dl 1.5, kakao vijiko 4, vanila na chumvi kidogo. Koroga tu, usipige. Moto juu moto chini, makaa ya chini yawe machache, na uitoe ikiwa bado inatikisika katikati.

Kahawa usiagize. Ni kichekesho kuleta kahawa kutoka nchi isiyo na mbuni hata mmoja shambani. Nunua ya Kilimanjaro au Mbinga iliyosagwa kwa ajili ya chujio, itengeneze nyingi, na uweke chupa mezani watu waongeze. Muda wa fika, mapumziko yao ya kahawa, ni kama saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Kitu kitamu lazima kiwepo, na simu ziwekwe kando kidogo.

Kwa kileo, mambo ni mepesi kuliko kwao, ambako dukani huuziwi kitu kinachozidi asilimia 3.5, unakwenda Systembolaget, duka la serikali, na Jumapili limefungwa. Absolut, vodka inayotengenezwa Åhus, iko kwenye maduka mengi ya vinywaji hapa mjini. Usitafute akvavit, pombe yao kali ya vikolezo. Chukua chupa ndogo ya Absolut, tia kijiko cha bizari tamu, kijitawi cha dill na ganda la limau, ikae siku tatu, chuja, weka kwenye friza. Inanywewa kwa glasi ndogo, ikiwa baridi, na chakula.

Desemba ni glögg, divai ya moto. Dompo ya Dodoma imeumbwa kwa kazi hii: nyekundu, tamu, nzito. Chemsha maji kidogo na mdalasini, karafuu nane, iliki nane zilizopondwa, tangawizi na ganda la chungwa. Mimina divai, pasha bila kuchemsha, weka zabibu kavu na lozi kwenye kila kikombe. Onja kabla ya kuongeza sukari, Dompo tayari inayo. Kwa wasiokunywa, juisi ya choya na vikolezo hivyohivyo inakubali sana. Toa vikombe vidogo na feni iwe imewashwa. Julmust, soda yao ya Krismasi tangu 1910, huipati. Changanya kinywaji cha kimea kisicho na kilevi na kola nusu kwa nusu, inakaribia.

Sasa lile sanduku. Afrika Mashariki hakuna IKEA, lile duka la samani la Kiswidi, lakini Dubai ipo, na Muscat pia. Kila mtu Dar ana shangazi, jirani au mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Dubai. Mpe orodha fupi: jamu ya lingon, mkate mkavu wa knäckebröd, biskuti za vikolezo za pepparkakor, sharubati ya maua ya elder. Vyote ni vya duka la chakula lililo karibu na mlango wa kutokea, hivyo hatapotea kati ya makabati. Knäckebröd inakaa miezi, ila ihamishie kwenye kopo lisilopitisha hewa, la sivyo unyevu wa pwani utailegeza kwa siku mbili.

Anayetoka Uswidi moja kwa moja mwagize Kalles kaviar, ile tyubu ya mayai ya samaki, na kopo la ansjovis kama unataka kupika Janssons frestelse, viazi vyao vya kuoka na krimu. Anchovi za kawaida hazifai; za Waswidi ni samaki wengine, walioloweshwa na vikolezo na sukari, na ukibadilisha utapata viazi vya chumvi tupu. Kopo hilo na tyubu hiyo vinahitaji baridi hata kabla ya kufunguliwa. Vikifika tu, vitie kwenye friji.

Mkumbushe msafiri kwamba jamu na tyubu zinahesabiwa kama kimiminika. Zikizidi mililita 100 ziingie sanduku la chini, siyo mkoba wa mkononi. Nyama asibebe. Surströmming, samaki wale waliochachuka mpaka kopo linavimba, asithubutu. Yapo mashirika ya ndege yaliyoyapiga marufuku makopo hayo, na nyumba ya kupanga Sinza si mahali pa kulifungulia.

Mkate mweusi wa rye usiagize nje. Ukiwa na mtu anayeshuka kutoka Lushoto, mwambie apitie Irente Farm ya Kilutheri, inayojulikana kwa mkate huo, jibini na jamu. Mkate wao ukikatwa mwembamba na kupakwa siagi ni msingi mzuri wa meza nzima ya baridi.

Fuatilia pia matangazo ya ubalozi wa Uswidi na jumuiya ya watu wa nchi za Nordic kuelekea tarehe 6 Juni, sikukuu yao ya taifa, na tarehe 13 Desemba, siku ya Lucia. Ukialikwa, nenda. Waulize wenyeji wanapata wapi vitu vyao. Watu walio mbali na kwao huwa na majibu ya mitaa ambayo hakuna duka litakupa.

Usipike haya yote kwa mara moja. Jumamosi hii anza na chokladbollar, hazihitaji hata jiko: siagi gramu 100, sukari dl 1, oats dl 3, kakao vijiko 3, vanila, kahawa baridi vijiko 3. Kanda, viringisha, zungushia nazi kavu, weka kwenye friji saa moja. Watoto wanaweza kuzitengeneza wenyewe, na wewe ukapata nafasi ya kwenda Kisutu kutafuta dill.